Kusoma namba kwenye bahasha za Marekani–Uingereza, 1849–1867

Bahasha iliyovuka Atlantiki enzi hizo imejaa namba, na anayeanza kuzikusanya hudhani zote ni nauli ya mtumaji. Nyingi ni hesabu za posta mbili zikigawana fedha.

1. Anza na tarehe. Mkataba wa posta wa nchi hizi mbili ulianza kutumika 15 Februari 1849, ukaisha na mwaka 1867. Barua isiyozidi nusu aunsi (gramu 14 hivi) ililipiwa senti 24, sawa na shilingi 1 ya Uingereza. Januari 1868 nauli ilishuka hadi senti 12.

2. Itazame rangi ya wino kwa mwanga wa mchana, maana chini ya taa ya manjano, nyekundu iliyofifia huonekana kahawia. Nyekundu: imelipiwa. Nyeusi: atalipa mpokeaji.

3. Zigawe senti 24: 5 za ndani ya Marekani, 16 za baharini, 3 za ndani ya Uingereza. Zile 16 ni za nchi yenye mkataba na meli. Kampuni ya meli ya Cunard ilibeba kwa mkataba wa Uingereza, ya Collins (1850–1858) kwa wa Marekani.

4. Sasa piga hesabu. Barua iliyolipiwa New York ikapanda Cunard: Uingereza inadai 16 na 3, hivyo utaona 19 nyekundu. Ikipanda Collins, 3 nyekundu. Isiyolipiwa, Marekani ndiyo inayodai: 5 nyeusi kwa Cunard, 21 nyeusi kwa Collins. Maandishi BR. PKT (meli ya posta ya Uingereza) au AM. PKT (ya Marekani) kwenye muhuri yaafikiane na namba hiyo.

5. Linganisha na stempu. Hapa ndipo pesa hupotea. Stempu ya senti 24 pamoja na 21 nyeusi inatia shaka: huenda imebandikwa baadaye. Lakini ikiwa na 42 nyeusi, au 10, inaweza kuwa halali kabisa. Barua ilizidi nusu aunsi, ikahitaji senti 48, na malipo pungufu hayakuhesabiwa hata kidogo. Mtumaji alipoteza zote 24 na mpokeaji akatozwa shilingi 2. Bahasha ya namna hii usiitupe. Ichunguze kwa lenzi: wino wa muhuri uvuke ukingo wa stempu bila kukatika.

6. Usiiloweke wala kubandua stempu, kwani hesabu yote hapo juu huishi kwenye bahasha nzima. Ihifadhi kwenye mfuko wa poliesta. Plastiki ya PVC hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino.