Jinsi ya Kuyaelewa Makundi ya Wanafunzi Katika Shule ya Nchi Nyingine: Mwongozo kwa Familia za Lubumbashi

Kila mwaka kuna familia za Lubumbashi zinazompeleka mtoto kusoma ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, nchini Zambia, zinazomsafirisha kwa mjomba wake Brussels, au zinazohamia zote pamoja Marekani na Kanada. Maandalizi yanayojulikana hufanywa kwa bidii: buleti (ripoti za alama) za miaka iliyopita hukusanywa, cheti cha kuzaliwa hutafutwa, chanjo hukamilishwa, na fedha za ada hupatikana kwa taabu. Jambo moja halizungumzwi, nalo ndilo linalomnyima mtoto usingizi katika wiki za kwanza: hajui aketi na nani. Anawakuta wenzake wamekwisha kujigawa katika makundi ambayo yeye hajui yalianzaje wala yanamtaka mtu wa namna gani, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza, huamua kwamba hapendwi.

Ninaandika kama mwalimu wa sekondari ambaye wanafunzi wake wa zamani wametawanyika katika nchi nyingi, na kutokana na wanayoniambia nimefikia hoja moja ambayo mwongozo huu wote unaitegemea. Makundi ya shuleni hutokana zaidi na namna shule ilivyoipanga siku kuliko tabia za watoto wenyewe. Pale ambapo wanafunzi wanawekwa pamoja muda mrefu bila kuchagua, urafiki huja polepole na humfikia karibu kila mtu. Pale ambapo wanaachwa wachague kila siku wakae wapi, makundi hufungwa mapema na mgeni hubaki nje. Kwa hiyo mtoto aanze kwa kuichunguza ratiba, kisha ndipo awachunguze watu.

Itazame kwanza shule unayoiacha

Katika shule zetu mwanafunzi wa mwaka wa saba huingia chumba kimoja na kubaki humo, nao walimu ndio wanaoingia na kutoka. Benchi moja huweza kukaliwa na watu watatu au wanne, na mara nyingi titulere, mwalimu msimamizi wa darasa, ndiye anayeamua nani akae wapi. Baada ya mwaka wa nane, anapoanza umanite, yaani miaka minne ya mwisho ya sekondari, mwanafunzi huingia katika seksyo, yaani mchepuo wa masomo, na tangu hapo seksyo huwa ndiyo kundi lake kubwa: watu wa Biolojia-Kemia hujihesabu tofauti na watu wa Komersiali, na wale wa Pedagojia hutembea pamoja hadi siku ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Miaka minne ya chumba kimoja inatosha kuwazoesha hata watu wasiopendana.

Yapo pia makundi ambayo shule haikuyapanga. Shati jeupe pamoja na suruali au sketi ya buluu huficha tofauti za mali kwa kiasi tu, maana viatu, mkoba na simu huonekana. Wakati wa rekreasyo, yaani mapumziko, wenye fedha hununua maandazi na karanga, nao wasio nazo hubaki kando ya ukuta wakizungumza. Saa ya kutoka, watoto wa mtaa wa Katuba hurudi pamoja kwa miguu, wa Kamalondo pamoja, na baadhi ya wale wa mtaa wa Golf hungoja gari. Tena darasa moja linaweza kuwa na vijana waliopishana miaka mitatu kwa sababu ya wale waliorudia mwaka, na mara nyingi huyo aliye mkubwa ndiye anayesikilizwa na wote.

Kabla ya safari, mzazi aketi na mwanawe waandike pamoja majibu ya maswali manne. Ni nani aliyekuchagulia mahali pa kuketi? Unakula wapi, na pamoja na nani? Unarudi nyumbani na nani? Je, wenzako ni wa umri wako? Atayauliza maswali hayo hayo katika shule mpya, na kila jibu litakalobadilika litamwonyesha mahali ambapo itambidi afanye kwa makusudi jambo ambalo Lubumbashi lilifanyika lenyewe.

Marekani na Kanada: hapa ndipo pagumu zaidi

Katika shule nyingi za sekondari za Marekani, ambako hatua ya juu huwa ya miaka minne, kila mwanafunzi ana ratiba yake. Kengele ikilia anabeba vitabu na kwenda chumba kingine, ambako anawakuta watu wengine. Wale aliosoma nao hesabu asubuhi huenda asiwaone tena hadi kesho. Hakuna benchi lake, wala hakuna chumba ambacho akikosekana watu wote watajua. Uzito wote wa urafiki, ambao kwetu hubebwa na darasa, unahamia kwenye saa ya chakula cha mchana.

Mpango wa kitaifa wa chakula shuleni ulianzishwa kwa sheria mwaka 1946, na kula shuleni ni jambo la kila siku. Mamia ya wanafunzi huingia katika ukumbi mmoja wenye meza kubwa, na kwa kawaida hakuna mwalimu anayempangia mtu mahali. Baada ya wiki chache kila meza huwa na wenyewe: wachezaji wa timu fulani, wapiga ala za bendi, wanaopenda michezo ya kompyuta, waliosoma pamoja tangu msingi, wanaozungumza lugha moja. Mwanasosholojia James Coleman, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1961 kuhusu shule kumi za jimbo la Illinois, alionyesha kwamba wavulana walitamani kukumbukwa kama wanamichezo mahiri kuliko kukumbukwa kama wanafunzi bora. Mzazi wa Lubumbashi, ambaye kwake asilimia iliyoandikwa kwenye buleti ndiyo heshima ya nyumba nzima, anapaswa kulijua hilo mapema, ili asidhani kwamba mwanawe ameharibika anapotaka kujiunga na timu.

Namshauri kijana afanye hivi. Asingoje kufika ukumbini na sahani mkononi ndipo atafute mahali. Katika somo linalotangulia chakula, amwendee mtu mmoja tu, amwulize kama naye anakula saa hiyo na kama anaweza kuketi pamoja naye. Ni rahisi kwa mtu mmoja kukubali kuliko kwa meza nzima. Akikataliwa, ajaribu kwa mwingine kesho yake, kwa maana meza hizo zina historia ya miaka ambayo yeye hana hatia nayo. Kisha ajiunge na timu, kwaya au klabu kabla mwezi wa kwanza haujaisha, kwa sababu huko ndiko atakakowakuta watu wale wale kila siku, kama alivyozoea. Mazoezi ya michezo ya msimu wa vuli mara nyingi huanza Agosti, wakati mwingine kabla masomo hayajafunguliwa, hivyo mzazi aulize ofisini mapema kuhusu mpira wa miguu. Vijana wetu waliokulia kwenye viwanja vya vumbi vya Kenya na Ruashi, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, wana jambo la kutoa katika uwanja huo, hata kabla Kiingereza chao hakijanyooka.

Kuhusu meza ya wanaozungumza Kiswahili, nina msimamo ambao baadhi ya wazazi hawaupendi. Katika miji mingi iliyopokea wakimbizi, mtoto wetu atawakuta wenzake kutoka Uvira, Burundi au kambi za Tanzania, na wazazi wengine huwakataza watoto wasikae nao ili wajifunze Kiingereza haraka. Msiwakataze. Kundi hilo humpa mtoto mahali pa kupumua, humweleza kanuni ambazo walimu hawasemi, na humlinda anapoonewa. Kinachofaa ni kuongeza kundi la pili, lenye lugha ya wenyeji, angalau siku mbili au tatu za wiki.

Katika jimbo la Quebec, ambako sekondari ni ya miaka mitano na masomo mengi ni kwa Kifaransa, mtoto wa Lubumbashi anayekimudu Kifaransa anaweza kuingia katika darasa la kawaida, ila matamshi yatamsumbua miezi ya mwanzo. Aombe watu warudie walichosema, bila kuona haya.

Ulaya, na kidogo kuhusu Japani

Ubelgiji ndiko kunakofanana nasi zaidi, kwa kuwa mfumo wetu ulichukuliwa huko: sekondari ya miaka sita, darasa linalokaa pamoja kwa sehemu kubwa ya siku, na hata kurudia mwaka kunajulikana. Tofauti kubwa iko kwenye mavazi. Shule nyingi hazina sare, na kazi ambayo kwetu hufanywa na viatu na mkoba, huko hufanywa na nguo zote. Msinunue nguo za shule kabla ya safari; ngojeni wiki moja, mwangalie wanafunzi wa kawaida wanavaa nini, kisha nunueni hicho.

Nchini Ufaransa, ambako hatua ya kwanza ya sekondari ni ya miaka minne na ya pili ni ya miaka mitatu, kila darasa huchagua wajumbe wawili wa kulisemea. Mgeni awatafute hao siku ya kwanza, kwani kuwasaidia wenzao ni sehemu ya wajibu wao. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia matumizi ya simu katika shule za msingi na hatua ya kwanza ya sekondari, jambo linalomsaidia mgeni, kwa kuwa wenzake wanalazimika kuzungumza.

Uingereza huweka watoto kwa umri: waliozaliwa kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Agosti ya mwaka unaofuata huwa katika mwaka mmoja wa masomo, na kurudia mwaka ni nadra. Kijana aliyekuwa mkubwa darasani kwetu, akisikilizwa na kuamua magomvi, atajikuta ghafla sawa na wote, na hilo humuuma kuliko ugeni wenyewe. Shule nyingi huko hugawa wanafunzi wa miaka yote katika nyumba zinazoshindana kwa alama na michezo. Ajitokeze kukimbia, kuimba au kucheza kwa ajili ya nyumba yake. Ndiyo njia rahisi ya kujulikana na wakubwa na wadogo.

Japani wanakwenda wachache, lakini inafundisha kitu: darasa hukaa chumba kimoja kama letu, wanafunzi husafisha shule wenyewe, na katika shule nyingi za umma, za msingi hasa, hula humo humo darasani. Nje ya darasa, klabu ndiyo yenye nguvu, na ndani yake mdogo humstahi aliyemtangulia hata kwa mwaka mmoja. Mtoto wa Katanga aliyelelewa kumwamkia mkubwa hatapata taabu.

Zambia: bweni na kalenda

Mwaka wa masomo wa Zambia huanza Januari, nao wetu huanza Septemba. Mtoto anayepelekwa Kitwe au Ndola mwezi Septemba anaingia katika muhula wa mwisho, wakati vitanda, marafiki na vyeo vya viranja vimekwisha kugawanywa. Ikiwezekana, afike Januari pamoja na wageni wengine, na miezi ya katikati aitumie kujifunza Kiingereza.

Katika shule ya bweni, chumba cha kulala ndicho kundi la kwanza, na viranja wana mamlaka ambayo kwetu kiongozi wa darasa hana. Ajue majina yao na mipaka ya kazi yao, na ajue pia ni mwalimu gani anayesimamia bweni. Kiingereza kitatawala darasani, lakini uwanjani katika eneo la migodi kitasikika Kibemba. Familia nyingi za Haut-Katanga, mkoa wetu, zina bibi au babu anayekizungumza, na mtoto aketi naye jioni kadhaa kabla ya kuondoka.

Kundi linapoumiza

Utani kuhusu matamshi au jina hutokea kila mahali na mara nyingi huisha ndani ya mwezi. Kutengwa kwa makusudi, kunyang'anywa vitu, vitisho, au picha zinazosambazwa katika kundi la WhatsApp ni mambo mengine, na mtoto aseme siku hiyo hiyo. Kwetu angemwendea mkurugenzi wa nidhamu au prefe, yaani mkuu wa shule. Marekani yuko mshauri wa wanafunzi. Uingereza, mwalimu anayesimamia kikundi chake cha asubuhi. Ufaransa, afisa anayeshughulikia maisha ya wanafunzi nje ya masomo. Mzazi aandike tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, ahifadhi ujumbe, na apeleke malalamiko kwa maandishi. Kufika shuleni na kumgombeza mtoto wa mwenzio, jambo ambalo mtaani kwetu linaweza kumaliza ugomvi, huko kunaweza kumgeuza mzazi kuwa mshtakiwa.

Mtoto anaporudi Lubumbashi

Mtoto aliyekaa miaka ng'ambo akirudi, kundi lake la zamani halipo tena mahali alipoliacha, na Kifaransa chake au Kiswahili chake kimebadilika. Wenzake humwona ana kiburi, hasa akianza kila sentensi kwa habari za kule alikotoka. Amwombe radhi asiyemwelewa, asikilize kwanza, na asilete shuleni vitu vya kuonyesha.

Walimu tunaompokea tuna sehemu yetu. Tusimsimamishe mbele ya darasa aeleze habari za Ulaya, kwa kuwa tunamtenga kwa kumsifu. Titulere atazame anuani yake, kisha amweke kwenye benchi moja na wawili wanaokaa mtaa wake, ili kengele ya mwisho ikilia awe na watu wa kutembea nao hadi nyumbani.