SOMO: Jinsi ya kusoma matokeo ya upimaji wa kusoma, Darasa la Pili

Walimu wenzangu, salaam. Matokeo ya upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) yakitoka, vikao vingi vya taaluma huanza na wastani na kuishia hapohapo. Tumepanda, tumeshuka, karatasi zinarudi kabatini, na mtoto asiyejua kusoma anabaki alivyo. Zitoeni tena hizo karatasi, twende pamoja.

Hatua ya 1: Anza na sifuri.
Tuseme watoto kumi wamesoma maneno haya kwa dakika: 0, 0, 0, 4, 8, 40, 55, 58, 65, 70. Wastani ni 30. Mtafute sasa mtoto anayesoma maneno 30. Hayupo! Darasa hili lina makundi mawili yasiyofanana kabisa, na ukifundisha kwa kufuata wastani humgusi yeyote. Andika majina ya wenye sifuri kwenye karatasi yao pekee. Kisha fungua daftari la mahudhurio uone nani hakupimwa siku ile. Mtoro mara nyingi ni wa kundi hilohilo, ila hesabu haimwonyeshi.

Hatua ya 2: Mtoto anakwamia wapi?
Hapa ndipo penye kazi, msiharakishe. Pitia vipengele kwa mpangilio: sauti za herufi, silabi, maneno ya kawaida, maneno ya kubuni, kifungu cha habari, ufahamu. Weka alama pale mtoto anapoanza kuanguka.

Yuko mtoto anayeimba "ba be bi bo bu" bila kosa, lakini ukiandika "bo" peke yake ubaoni anaanza tena kutoka "ba" mpaka aifikie. Huyo amekariri wimbo. Mpe silabi zilizochanganywa: bo, mi, ta, ku. Mwingine anasoma "mama" na "kaka" vizuri, ila neno la kubuni kama "tikepa" linamshinda. Huyo anatambua maneno kwa sura, haungi silabi. Wa tatu anakwenda vizuri mpaka akutane na "mbw", "ng'" au "nyw". Makosa yake yote yako kwenye konsonanti mwambatano, yaani konsonanti zinazoandikwa pamoja kabla ya irabu, na kumrudisha kwenye a e i o u ni kumpotezea muda.

Wote watatu wanaweza kuwa na alama sawa kwenye orodha. Ndiyo maana nasema alama ya jumla haitoshi kumpangia mtoto somo.

Hatua ya 3: Kasi na ufahamu.
Kasi ni maneno sahihi mara 60, gawanya kwa sekunde alizotumia. Aliyesoma kifungu cha maneno 60, akakosea 4, akamaliza kwa sekunde 48, ana maneno 70 kwa dakika. Sasa linganisha na ufahamu. Anayesoma haraka na hajibu swali anahitaji mazungumzo juu ya habari na msamiati. Anayesoma polepole lakini anajibu yote anahitaji kusoma zaidi tu, kila siku. Na aliyeishia katikati ya kifungu asihesabiwe kuwa hana ufahamu kwa maswali ambayo hakuyafikia.

Hatua ya 4: Panga makundi kwa tatizo.
Siyo kwa nafasi darasani. Baada ya wiki chache pima kile kipengele tu, aliyevuka ahamie kundi jingine.

MASWALI YA WANACHAMA

*Somo zuri mwalimu. Huku kwetu watoto husema "l" badala ya "r". Niwahesabie kosa?*

Karibu, mwalimu. Kama anasema hivyo hata akiongea, hayo ni matamshi ya nyumbani, usimkate alama. Mwonyeshe herufi zote mbili: akizitofautisha kwa macho, kusoma anajua. Matamshi yarekebishe kwenye kipindi cha mazungumzo.

*Madam, nina watoto zaidi ya 90, chumba kimoja. Makundi nayapangaje?*

Pole sana, mzigo ni mkubwa. Usijaribu makundi sita. Chukua wenye sifuri peke yao, dakika 20 kila siku, wengine wakisoma wawili wawili kitabu cha kiada. Mwalimu mkuu naye aelezwe, maana hili halipaswi kubebwa na mwalimu mmoja.

*Shule yetu ina watoto 12 Darasa la Pili. Mwaka jana tulifaulisha 75%, mwaka huu 67%. Afisa elimu kata anataka maelezo ya kushuka.*

Mwambie kwa heshima kwamba tofauti hiyo ni mtoto mmoja: 9 kati ya 12, halafu 8 kati ya 12. Tena ni watoto wengine, si walewale. Badala ya maelezo ya kushuka, mpelekee karatasi yenye watoto wanne ambao hawajafika, kila mmoja anakwamia wapi, na nani anamfundisha saa ngapi.