Gari la kwanza la kijana: anza na dashibodi

Kama unamtafutia kijana wako aliyefikisha miaka 18 gari la mtumba, kabla hujauliza bei, kaa kiti cha dereva, washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama dashibodi. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofyatuka kukukinga kwenye ajali) inatakiwa iwake sekunde chache, halafu izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, hapo ndipo pa kushtuka zaidi: huenda kuna mtu ameichomoa ili usijue kwamba eabegi zilishafyatuka kwenye ajali na hazikurudishwa. Taa ya ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki ghafla, nayo ifuate mwendo huohuo.

Katika kuwasha huko, tafuta pia taa au kitufe chenye picha ya gari linaloserereka. Kikiwepo, gari lina mfumo wa kulidhibiti lisipoteze mwelekeo kwenye kona au lami iliyolowa. Kwa dereva mgeni, hicho kina thamani kuliko rimu na redio kubwa. Vitz mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana hapo, kwa hiyo usinunue kwa picha.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata, yaani vijino vya tairi vinavyoshika barabara, zinaweza kuwa nzuri na mpira ukawa umeshazeeka.

Mikanda ya nyuma ivute yote; mara nyingi imefukiwa chini ya kava za viti.

Na ile Subaru ya tabo (injini iliyoongezewa nguvu) anayoililia? Asubiri.