Bia imechacha na umeinunua kwa Mangi: namna ya kulalamika bila kuzungushwa

Jumamosi moja nilichukua bia sita kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu Tabata, shemeji alikuwa anakuja. Tukafungua ya kwanza. Shemeji akaonja, akaiweka chini taratibu kwa adabu ya mgeni. Nikaonja mimi: mbege iliyolala siku tatu. Tukafungua ya pili, hivyo hivyo. Tukamaliza zote sita tukitafuta nzima, hakuna. Nikazimwaga kwenye sinki kwa hasira, asubuhi nikarudisha chupa tupu dukani, kisha ndiyo nikaanza kulalamika. Mpangilio huo ulinigharimu wiki mbili na hela za boda ambazo zingenunua bia nyingine sita. Wewe usiufuate.

Kabla ya yote, acha kufungua. Ukishakuta mbili mbovu, zilizobaki usiziguse, maana chupa ambayo haijafunguliwa ndiyo kesi yenyewe. Iliyofunguliwa haina maana mbele ya mtu yeyote wa kiwanda au wa serikali: watakuuliza watajuaje kwamba hukutia siki mwenyewe, na wana haki ya kuuliza. Weka mbili ambazo hazijafunguliwa mahali penye giza na ubaridi. Hizo ulizofungua nazo usimwage zote, zibe kwa kizibo chake uweke pembeni. Na chupa usirudishe. Mangi atazidai, atakupigia hadi simu, maana yeye kwa msambazaji anabadilishana chupa kwa chupa. Mwambie zitakuja.

Sasa soma chupa. Tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya bechi, yaani ya mkupuo uliotengenezwa pamoja, huwa zimechapwa kwa wino hafifu kwenye lebo au shingoni, na maji ya friji yakishapita juu yake unasoma kwa kubahatisha. Piga picha ikiwa kavu, tochi ya simu ikimulika kwa ubavu. Mimi nilipopiga simu ya huduma kwa wateja, swali la kwanza la yule dada lilikuwa, “Namba ya bechi, kaka?” Bechi ilikuwa kwa Mangi, ndani ya kreti la chupa tupu, na kreti lilishaondoka na gari asubuhi ile.

Ukiwa na chupa mkononi, kagua stempu ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Bia zilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuwekewa stempu za kielektroniki mwaka 2019, na programu ya Hakiki Stempu inaisoma kwa kamera ya simu. Ikikataa, achana na habari za kuchacha: hiyo ni bidhaa ya magendo au ya kughushi, na pa kuipeleka ni TRA wenyewe, au Tume ya Ushindani, FCC, ambao kazi yao mojawapo ni kukamata bidhaa bandia.

Uwe na uhakika pia kwamba bia kweli ni mbovu. Yenye ukungu ikiwa imetoka kwenye friji kali, iache ipate joto kidogo. Ukungu ukiondoka, ilikuwa baridi tu, protini zimejishika, haina neno. Inayonuka kama kicheche imepigwa jua: mwanga unavuruga vitu vinavyotoka kwenye hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na chupa ya kijani au nyeupe haiukingi mwanga kama ya kahawia. Kosa hilo kwa kawaida ni la aliyepanga kreti nje ya duka, kiwanda hakimo. Yenye ladha ya karatasi lililolowa imekaa sana au imekaa kwenye joto. Iliyochacha kama yangu kwa kawaida ni bakteria. Ukieleza hivi kwenye simu unasikilizwa tofauti na anayesema “bia yenu mbaya.”

Halafu dukani. Nenda mchana, Mangi akiwa peke yake. Usiende saa moja jioni wateja wamejaa, atajitetea mbele za watu na hamtaelewana. Wa kwangu alianza na “Kaka, hiyo ni friji, umeme ulikatika,” akahamia kwa msambazaji, akaishia kwa Mungu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko upande wako, aliyekuuzia ndiye wa kwanza kuwajibika, lakini ukimtajia sura za sheria jirani yako wa miaka kumi utaanza kununua sukari mtaa wa pili. Omba akubadilishie, na omba namba ya msambazaji. Kama tarehe imeshapita, hapo usibembeleze, haruhusiwi kuiuza.

Na risiti? Najua. Mashine ya EFD kwenye kiduka huwa haina mtandao siku zote saba za wiki. Ndiyo maana siku hizi nalipa kwa Lipa Namba hata bia moja: ujumbe wa simu una jina la biashara, kiasi, tarehe na saa, na kila niliyemwonyesha aliukubali. Ukitoa taslimu, omba kikaratasi cha mkono chenye jina la duka na tarehe.

Mimi sikuwa na risiti, chupa wala bechi. Suluhisho langu lilikuwa la aibu. Nilirudi kwa Mangi siku ya tatu, nikanunua mbili zaidi za kreti lile lile, kwa Lipa Namba, nikijua kabisa ni mbovu. Akaniuzia bila kupepesa jicho, akaniuliza kama nataka ya baridi.

Nikiwa na mbili hizo simu ya kiwandani ilibadilika. Namba iko kwenye lebo. Omba namba ya lalamiko lako na uiandike, kwa sababu ukipiga kesho utampata dada mwingine na utasimulia upya tangu shemeji alipofika. Waambie una chupa ambazo hazijafunguliwa. Watatuma mtu azichukue: mpe moja, moja baki nayo, na asaini mahali kwamba amechukua.

Wakikaa kimya, au umekuta kitu kinaelea ndani, au mtu ameumwa, nenda TBS, Shirika la Viwango, ofisi zao za Ubungo pale Morogoro Road inapokutana na Sam Nujoma. Wengi bado wanasema “peleka TFDA,” ile mamlaka ya chakula na dawa. TFDA haipo. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula na vinywaji uko TBS, na iliyobaki, TMDA, ni ya dawa na vifaa tiba. Mimi mtu wa ofisi moja alinituma kwenye ofisi ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, wote wakinionea huruma ya kweli. Beba barua fupi ya ukurasa mmoja: ulinunua nini, wapi, lini, bechi gani, umeona nini, umeshamweleza nani. Aliyeumwa aende hospitali kwanza na atunze karatasi zake, bila hizo ni maneno tu.

Malipo usiyaotee ndoto. Msambazaji alikuja siku ya kumi na tatu na pikipiki, akaimulika chupa moja, akatikisa kichwa, akanipa mbili mpya. Nane nilinunua, mbili nikarudishiwa, kwa sababu mbili ndizo nilizoweza kuonyesha. Kreti la Mangi alilibeba lote. Jioni Mangi akanipigia: anadai chupa zake mbili.