Kukusanya Maoni ya Watazamaji wa Filamu ya Mchekeshaji: Mwongozo kwa Watengenezaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Filamu ya ucheshi inayomhusu mchekeshaji wa jukwaani ina mtego wake. Kuna watazamaji wa aina mbili: wale wa kuigiza, walioketi mbele ya mchekeshaji ndani ya filamu, na wale wa kweli walioketi mbele ya skrini yako. Wa kwanza wamelipwa wacheke. Wakiangua kicheko huku wa pili wamenyamaza, filamu huanza kunuka uongo, wala hakuna atakayekwambia hivyo waziwazi. Atasema "ilikuwa poa" na kuomba nauli. Ndiyo maana kicheko hupimwa kikiwa ukumbini, na maoni huulizwa baadaye kwa karatasi. Kimoja hakiwezi kusimama mahali pa kingine.

Anza na orodha. Tazama filamu ukiwa na saa ya programu ya kuhariri mbele yako, uandike kila kichekesho na dakika yake, kisha ukipe herufi. J ni mzaha unaotolewa jukwaani. N ni mzaha wa nje ya jukwaa: nyumbani, kwenye matatu, kwa mama mkwe. K ni kimya kinachotakiwa, yaani pale mhusika anapotoa mzaha na ukumbi wa kwenye filamu unamtazama tu. Usipozitenga K mapema, utakuja kukata tukio zuri kwa kudhani limefeli, kumbe watu walinyamaza kwa kumwonea aibu, kama ulivyotaka.

Watu 30 hadi 40 wanatosha kwa onyesho moja la majaribio. Ukumbi uwe wa kiasi hicho hicho. Watu 30 waliotawanyika kwenye viti 200 hawacheki, kwa sababu kicheko huambukizwa na jirani. Kama huna budi kutumia ukumbi mkubwa, funga safu za nyuma kwa kamba uwaketishe pamoja. Usialike ndugu na marafiki wa waigizaji. Watacheka kila uso wanaoujua ukitokea, na rekodi yako itaharibika. Tafuta watu wa Kondele, Manyatta, Milimani na vyuoni, wasiojuana sana na wasiojua filamu inahusu nini zaidi ya "ni ya kuchekesha."

Suala la rika na ukwe lisipuuzwe. Kijana hatacheka mzaha wa chumbani akiwa ameketi karibu na mzee anayemheshimu, na mkwe akiwa na mkwe mwenzake ukumbi mzima hukauka. Fanya onyesho la vijana na la wakubwa kwa siku tofauti. Ukiwachanganya utapata kimya cha heshima, na heshima haikuambii lolote kuhusu mzaha wenyewe.

Kuhusu wakati: Kisumu mvua za ziwani hupenda kuja alasiri na jioni, hasa Machi hadi Mei. Paa la mabati likipigwa na mvua, hakuna spika itakayookoa maneno ya mwisho ya mzaha, na mzaha uliokosa neno la mwisho si mzaha. Chagua ukumbi wenye dari, au onyesha saa nne asubuhi Jumamosi. Epuka siku Gor Mahia wanapocheza. Maliza kabla ya giza ili wanaotegemea matatu wasitoroke kabla ya kujaza kadi za maoni. Nakuru tatizo ni baridi ya jioni: watu waliojikunyata hucheka kidogo, kwa hiyo funga madirisha.

Vifaa ni vichache: projekta, spika mbili mbele, kebo ya akiba, jenereta iliyowekwa mbali na ukumbi, simu mbili za kurekodi sauti, na biro 45. Usisahau biro, kadi nyingi hurudi tupu kwa sababu hiyo tu. Stima ikipotea katikati ya tukio, rudisha filamu nyuma dakika mbili na uandike mahali ilipokatika. Vichekesho vya dakika hizo usivihesabu, kwa kuwa watu wameshavisikia.

Simu moja iweke mbele ikielekea watu, nyingine katikati ya safu. Rekodi sauti pekee, na utangaze kabla kwamba unarekodi. Usichukue majina wala namba za simu usizozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata kazi ndogo kama hii. Piga kofi moja kubwa picha ya kwanza inapotokea, ili baadaye uilinganishe rekodi na saa ya filamu. Zima feni iliyo karibu na simu. Halafu wasaidizi wawili, wakiwa wameketi mbali mbali na bila kusemezana, watie alama kwenye orodha: 0 kimya, 1 tabasamu na pumzi, 2 kicheko cha wachache, 3 ukumbi mzima. Wakitofautiana kwa alama mbili, rekodi ndiyo iamue.

Jambo moja huwapotosha wengi hapa: maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mchekeshaji akirukia Dholuo, Kisumu watacheka papo hapo, Kakamega watasoma. Sentensi nzima ikitokea kwa mkupuo, msomaji hufika kwenye neno la mwisho kabla mwigizaji hajalitamka, na kicheko huja mapema kisha kufa. Gawa maandishi mara mbili, neno la mwisho litokee linapotamkwa.

Taa zikiwaka, gawa kadi kabla ya soda na kabla mtu yeyote hajasema neno. Nusu ya karatasi ya A4 inatosha, kwa Kiswahili chepesi, na awepo mtu wa kumsomea asiyeona vizuri. Uliza haya:

Kwa jumla filamu ni: bora sana, nzuri sana, nzuri, ya kawaida, mbaya?
Utamwambia rafiki aitazame: bila shaka, huenda, sidhani, hapana?
Ni mzaha gani unaoukumbuka sasa hivi?
Ni wapi ulichoka au hukuelewa?
Kuna mzaha uliokukera? Upi?
Yule mchekeshaji akija mjini kwenu, ungelipa kiingilio kumwona? Kwa nini?

Weka pia umri kwa makundi na lugha ya nyumbani. Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu anaweza kuipenda filamu na bado asimlipie mhusika hata shilingi, na hiyo ni habari kubwa kwako.

Mwongozaji asisimame mbele. Akionekana, adabu huanza. Abaki nyuma kimya huku mtu mwingine akiongoza mazungumzo na watu 8 hadi 10, dakika 25 hivi. Asiulize "mliipenda?" Aulize "mngemsimuliaje mtu ambaye hakuja?" Wakisahau mwisho, mwisho una kasoro. Nauli iwe sawa kwa wote, itangazwe mapema, na itolewe kadi zikisharudi.

Kwa mizaha ya makabila, linganisha kicheko na swali la kukerwa. Nakuru hasa, mji wenye watu wa kila kabila na kumbukumbu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mtu hucheka kwanza kisha akamtazama jirani. Alama 3 ukumbini na malalamiko sita kwenye kadi si ushindi.

Sasa hesabu. Tuseme kadi ni 32: tisa "bora sana", 11 "nzuri sana". Jumlisha hizo mbili tu: 20 kati ya 32, asilimia 62.5. "Nzuri" iache nje. Kwetu hilo ni neno la kumpungia mwenyeji mkono. Kumbuka kila mtu hapo ni zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo tofauti ya watu wawili kati ya maonyesho isikupe presha.

Kisha tazama herufi. N zikiwa juu na J chini, watu wanampenda mtu, hawaupendi mchezo wake. Usiguse hadithi. Fupisha mizaha ya jukwaani, punguza sauti ya kicheko cha waigizaji, ondoa picha za watu wanaojipiga mapaja. J zikiwa juu na N chini, una onyesho zuri la jukwaani ambalo bado halijawa filamu. Rudi kwenye matukio ya nyumbani. Pale kicheko cha alama 3 kilipomeza mstari uliofuata, ongeza sekunde moja au mbili za uso wa mtu kabla mstari huo haujaanza.

Kabla ya kubandika bango lolote, zungumza na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya kuhusu kibali. Kama filamu si yako, pata ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi. Na toleo lililohaririwa upya lisirudishwe kwa watu wale wale, maana aliyekwisha kuujua mzaha hawezi kukupimia tena. Lipeleke mji wa pili, na orodha ile ile ya herufi.