Kulala hifadhini bila moto wa kuni, na namna ya kuuzima pale unaporuhusiwa

Ukienda kutembea na kulala porini katika hifadhi ya taifa, panga safari kana kwamba moto wa kuni umepigwa marufuku, hata kama haujapigwa. Marufuku yenyewe tunaiunga mkono bila kusita katika sehemu za aina tatu: penye nyasi kavu, penye udongo wa mboji, na juu milimani, ambako kijiti kinachoungua kwa dakika chache huweza kuwa kimekua kwa miaka mingi. Kwingineko, moto mdogo kwenye mafiga yaliyojengwa na hifadhi unakubalika, mradi anayeuwasha anajua kuuzima. Wengi hawajui.

Chakula kipikwe kwa jiko la gesi. Kuchemsha lita moja ya maji hutumia takriban gramu 10 za gesi, sufuria ikiwa na kifuniko na upepo ukiwa umetulia. Upepo ukivuma, kiasi hicho huweza kuongezeka mara mbili. Watu wawili wanaochemsha lita tatu kwa siku wauhesabie mtungi wa gramu 230 siku tano, wasiseme wiki nzima. Kwenye baridi kali usichukue gesi ya buteni tupu, kwa sababu inapokaribia nyuzi sifuri huacha kugeuka mvuke na jiko hufifia ingawa mtungi bado una gesi. Chukua iliyochanganywa na propeni, na usiku ulale na mtungi karibu nawe ili asubuhi usiwe wa baridi.

Kama jiko lako hukaa juu ya mtungi, usilizungushie kizuia upepo pande zote. Joto hurudi chini, mtungi huchemka na unaweza kupasuka. Wala usipikie ndani ya hema: hema hushika moto upesi, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko, huua bila harufu.

Jiko nalo si salama lenyewe tu. Mwaka 2005, katika hifadhi ya Torres del Paine nchini Chile, jiko la mtalii mmoja lilianzisha moto ulioteketeza zaidi ya hekta 10,000. Kwa hiyo liweke juu ya ardhi tupu au jiwe bapa, ondoa majani makavu mita moja kila upande, na usiliache likiwaka peke yake.

Kuhusu joto la mwili, moto wa kuni hukupasha upande mmoja tu, mgongo ukibaki na baridi. Badili nguo zenye jasho mara tu unapofika kambini, kabla mwili haujapoa. Weka godoro la kutosha chini yako, maana ardhi hunyonya joto la aliyelala hata kama amejifunika vizuri. Kula kitu chenye mafuta kabla ya kulala, kisha jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ifunge ndani ya soksi na uiweke mapajani.

Sasa, pale moto unaporuhusiwa. Tumia mafiga yaliyopo, usijenge mapya, na usichukue mawe ya mtoni, kwani maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke na kulipasua jiwe. Okota kuni zilizokwisha kuanguka, zisizozidi unene wa kifundo cha mkono. Hizo huungua zikaisha, ilhali gogo hubaki na kaa moyoni. Usibebe kuni kutoka mbali, kwa sababu husafirisha wadudu wanaoua miti. Kabla ya kuwasha kiberiti, uwe na angalau lita 10 za maji kando yako. Huna maji, usiwashe.

Acha kuongeza kuni saa moja kabla ya kulala. Kisha mwaga maji polepole, ukisimama upande unakotoka upepo, kwa sababu mvuke na majivu ya moto huruka. Koroga kwa kijiti hadi chini kabisa, pindua kila kipande, kwangua makaa yaliyoshikamana na kuni na mawe, mwaga tena, koroga tena. Sauti ya kuchemka ikikoma, bado hujamaliza: sogeza mgongo wa mkono juu ya majivu, na usiposikia joto, yaguse. Yakiwa na uvuguvugu, rudia.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni kufukia makaa kwa mchanga. Mchanga huyahifadhia joto kwa saa nyingi, na anayepita peku huungua nyayo. Hatari nyingine ni mizizi na mboji: moto hutambaa chini ya ardhi bila mwali, na huweza kuibuka siku kadhaa baadaye mbali na mafiga. Chimba kidogo kuzunguka mafiga, upapase udongo. Ukiona moshi unatoka nje ya duara la mawe, fuata mzizi unaoungua, uulowanishe wote, na uwaarifu askari wa hifadhi hata kama unadhani umezimika.