Kabla Hujalifunga Begi la Dharura

Anza na maji. Lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, ya kunywa, kupikia na kunawa kidogo, kwa siku 3. Nyumba ya watu watano hizo ni lita 60, na lita 60 ni kilo 60, kwa hiyo usiyajaze kwenye pipa ambalo siku ya kukimbia hakuna wa kulinyanyua. Tumia vidumu vya lita 5, hata mtoto anabeba kimoja.

Chakula kiwe kisichohitaji moto. Ukiweka makopo, weka na kifungulio. Nakala za vyeti na vitambulisho ndani ya mfuko usiopitisha maji. Noti ndogondogo. Filimbi. Namba za simu kwenye karatasi, maana kichwani hunazo, usijidanganye.

Sasa tochi. Mimi nilikuwa na tochi mbili na redio, zote nimezitia betri mpya kabisa na kufunga begi, nikajiona mjanja. Mwaka na miezi ukapita. Usiku maji yalipoingia ndani, umeme ukakatika, nikabonyeza tochi ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Nikafungua kifuniko kwa kupapasa, vidole vikagusa ungaunga uliogandamana na springi iliyoliwa na kutu. Betri zilikuwa zimevuja. Redio nayo vilevile. Ngozi ikaanza kuniwasha, na mtoto anachemka homa. Dawa zilikuwemo, chupa mbili za umbo moja, moja ya homa na nyingine ya kikohozi. Simu ilinimulikia dakika chache ikazima kabla sijasoma lebo. Ningempa ipi? Sikumpa yoyote. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji mpaka kukapambazuka.

Kwa hiyo betri zikae nje ya kifaa, kwenye pakiti yake, zimefungwa pamoja na tochi kwa mpira. Zikivuja, usishike kwa mkono mtupu. Pamba yenye siki kidogo husafisha ule uchafu wa betri za alkali. Na kila chupa ya dawa izungushie mpira: mmoja ya homa, miwili ya kikohozi. Gizani utahesabu kwa kidole.

Kagua begi kila baada ya miezi 6: tarehe za dawa, maji, nguo za watoto (wanakua, wewe umesahau). Lisikae juu ya kabati wala nyuma ya mizigo ya stoo. Wote nyumbani wajue lilipo, na wajue pia swichi kuu ya umeme na valvu ya gesi, ila swichi usiiguse ukiwa umesimama kwenye maji. Waya uliolala chini usiuruke. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata baridi iwe kali vipi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, na dirisha kuachwa wazi kidogo hakutoshi.